Muuguzi huvuka mpaka, leseni yake hubaki nyuma

Majuzi usiku, saa ambayo aghalabu simu huwa ni ya msiba, niliamshwa na mpwa wangu aliyeko Marekani. Nilipokwisha kuhakikisha kuwa hakuna aliyefariki, niliketi kitandani nikamsikiliza. "Mjomba," aliniambia, "huu ni mwezi wa tatu niko nyumbani nimekunja mikono. Hospitali iliyo mtaa wa pili imetangaza kuwa inatafuta wauguzi. Mimi ni muuguzi, lakini sina ruhusa ya hata kumpima mgonjwa joto."

Mpwa wangu huyu si mwanagenzi. Alisomea uuguzi humu nchini, akahudumu katika hospitali ya umma, kisha akaenda Marekani, akafaulu mtihani wa kule na kufanya kazi jimboni Texas kwa miaka saba pasipo doa lolote. Mumewe alipopata kazi katika jimbo moja la kaskazini, walifunga virago wakahama. Gari lao lilivuka mpaka wa jimbo bila kuulizwa neno. Akiba yao ya benki ilivuka. Watoto waliingia shule mpya katika muda wa wiki moja. Kilichokataa kuvuka ni leseni yake ya uuguzi.

Nimeona vyema niliandikie jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, kila mwaka vijana wetu wengi wanaomaliza kidato cha nne husema wanataka kusomea uuguzi, na wengi miongoni mwao hawafichi kuwa macho yao yako ng'ambo. Ni haki yao kuijua njia kabla ya kuanza safari. Pili, kadiri nilivyoichunguza dhiki ya mpwa wangu ndivyo nilivyogundua kuwa sisi wenyewe hapa Kenya tunayo dhiki inayofanana nayo, isipokuwa yetu imegeuzwa juu chini.

Tuanze na kule. Wengi wetu huitazama Marekani kama nchi moja yenye sheria moja. Ukweli ni kwamba, katika mambo mengi yanayomgusa raia kila siku, Marekani ni majimbo 50 yaliyokubaliana kuishi pamoja. Rekebisho la Kumi la Katiba yao, lililoidhinishwa mwaka 1791, liliyaachia majimbo mamlaka yote ambayo serikali kuu haikupewa. Kulinda afya na usalama wa wakazi ni mojawapo ya mamlaka hayo. Mwaka 1889, katika kesi ya daktari mmoja dhidi ya jimbo la West Virginia, Mahakama Kuu Zaidi ya nchi hiyo ilikubali kuwa jimbo lina haki ya kumtaka tabibu awe na leseni kabla ya kutibu watu.

Wauguzi walifuata. Mwaka 1903 jimbo la North Carolina lilikuwa la kwanza kupitisha sheria ya kuwasajili, na kabla ya mwaka huo kwisha New Jersey, New York na Virginia yalikuwa yamefanya vivyo hivyo. Lengo lilikuwa jema. Wakati huo mtu yeyote aliyejifunga aproni nyeupe angeweza kujiita muuguzi, na mgonjwa hakuwa na njia ya kumtambua aliyefunzwa na asiyefunzwa. Kila jimbo likaunda bodi yake, likaweka masharti yake na kutoa leseni yake.

Kinaya ni kwamba mtihani wenyewe ni mmoja. Tangu mwaka 1982 wauguzi wote wa Marekani hufanya mtihani wa kitaifa unaoitwa NCLEX, na tangu 1994 hufanywa kwa kompyuta inayopima uwezo wa mtahiniwa kadiri anavyojibu. Akijibu vyema, huletewa swali gumu zaidi. Akikosea, huletewa jepesi. Aliyefaulu akiwa Florida amepimwa kwa mizani ile ile iliyompima aliyefaulu Alaska. Hata hivyo mtihani ni kitu kimoja na leseni ni kitu kingine. Mtihani huonyesha kuwa unaweza. Leseni hukuruhusu kufanya, na ruhusa hiyo hutolewa na jimbo alipo mgonjwa. Hata muuguzi anayemshauri mgonjwa kwa simu akiwa jimbo jingine huhesabiwa kuwa anafanya kazi pale alipo mgonjwa, si pale alipoketi yeye.

Kwa hiyo usemi wa "kuhamisha leseni" tunaousikia kila mara si sahihi sana. Leseni haihamishwi. Muuguzi huliomba jimbo jipya limpe leseni nyingine kwa kuitegemea ile ya kwanza. Harudii mtihani; hilo ni jambo la kushukuru. Lakini hana budi kupitia vituo kadhaa. Hujaza ombi na kulipa ada. Bodi zilizowahi kumpa leseni huthibitisha kuwa ni halali na kwamba hajawahi kuadhibiwa. Siku hizi bodi nyingi hutumia hifadhi moja ya kompyuta iitwayo Nursys. Huchukuliwa alama za vidole, zikapelekwa kwa polisi wa jimbo na kwa FBI ili ijulikane kama aliwahi kupatikana na hatia ya jinai. Majimbo mengine huongeza masharti yao. Texas, kwa mfano, humtaka muuguzi afanye mtihani mfupi kuhusu sheria za uuguzi za jimbo hilo. Yako pia majimbo yanayotoa kibali cha muda ili mtu asikae bure wakati ombi lake linachunguzwa, mengine hayatoi.

Kwa aliyezaliwa na kusomea kule, vituo hivi vinaweza kupitwa bila jasho jingi. Kwa Mkenya mambo ni tofauti, kwa maana kila bodi inaweza kutaka kujua upya alisomea nini. Hapo ndipo linapoingia shirika lililoundwa mwaka 1977 kwa jina la CGFNS, ambalo mwaka 2025 lilijiita TruMerit. Kazi yake ni kuzichambua stakabadhi za wauguzi waliosomea nje: saa ngapi za darasani, saa ngapi za wodini, na kama mwanafunzi alifunzwa uuguzi wa watu wazima, wa watoto, wa akina mama wajawazito na wa magonjwa ya akili. Matokeo ya masomo hayapokelewi kutoka mkononi mwa muuguzi. Sharti yatumwe na chuo chenyewe, na Baraza la Wauguzi la Kenya nalo lithibitishe kuwa mtu huyo amesajiliwa. Bahasha iliyopitia kwa mwenyewe haifai kitu.

Isidhaniwe kuwa Wamarekani hawalioni tatizo hili. Mwaka 2000 majimbo machache yalianza kutekeleza mkataba wa leseni za wauguzi. Chini ya mkataba huo, muuguzi anayeishi katika jimbo mwanachama hupewa leseni moja inayomruhusu kufanya kazi katika majimbo yote wanachama, kama vile leseni ya udereva inavyoheshimiwa popote gari liendapo. Mkataba uliorekebishwa ulianza Januari 2018, ukiwa na masharti 11 ambayo kila muuguzi lazima ayatimize, yakiwamo alama za vidole, kutokuwa na hatia ya kosa kubwa la jinai na, kwa waliosomea nje kwa lugha nyingine, kuthibitisha kuwa wanakijua Kiingereza. Kufikia mwaka 2025 majimbo zaidi ya 40 yalikuwa yameupitisha.

Lakini mkataba huu una ncha mbili ambazo watu wetu huzisahau. Ya kwanza ni kwamba leseni hii hufuata makao. Anayehama kabisa kutoka jimbo moja mwanachama kwenda jingine mwanachama lazima aombe leseni ya makao mapya katika muda wa siku 60. Sharti hilo lilianza Januari 2024. Ya pili ni kwamba majimbo kadhaa makubwa, yakiwamo California, New York, Illinois, Michigan na Minnesota, yalikuwa bado nje ya mkataba kufikia mwaka huo wa 2025. Anayehamia huko hujikuta leseni yake pana imegeuka kuwa ya jimbo moja tu, yaani lile alilolihama. Hicho ndicho kilichomfika mpwa wangu. Aliondoka Texas akiwa na ruhusa ya kuhudumu katika sehemu kubwa ya nchi. Alipowasili alikokwenda, akawa hana ruhusa pale aliposimama.

Msomaji atauliza: basi kwa nini wasiifute mipaka hii kwa kalamu moja? Nami nilikuwa na swali hilo hilo, tena kwa hasira, mpaka nilipokumbuka visa viwili.

Cha kwanza ni cha Charles Cullen. Muuguzi huyu alifanya kazi kwa muda wa miaka 16 katika hospitali za New Jersey na Pennsylvania, akiondoka moja baada ya nyingine huku akiandamwa na shuku. Kila mara aliajiriwa pengine, kwa sababu wale waliomshuku walipendelea aondoke kimya kuliko kusema waliyoyajua. Alikamatwa Desemba 2003 na akakiri mahakamani kuwaua wagonjwa 29. Mwaka 2005 New Jersey lilitunga sheria ya kuzilazimisha hospitali kutoa taarifa kuhusu wahudumu wa aina hiyo. Damu ya wagonjwa wale ilimwagika katika nafasi iliyokuwa kati ya taasisi moja na nyingine, mahali ambapo hakuna aliyeuliza.

Kisa cha pili ni cha Januari 2023. Wapelelezi wa Marekani walitangaza kuwa vyuo vitatu vya kusini mwa Florida vilikuwa vimeuza vyeti bandia vya uuguzi zaidi ya 7,600. Walionunua walivitumia kujiandikisha kwa mtihani katika majimbo mbalimbali, na wapo waliofaulu wakapata leseni na kazi. Hebu fikiri, msomaji, kuhusu mzee wako aliyelazwa, na anayemdunga sindano ni mtu aliyeinunua elimu yake kama anayenunua kilo ya sukari. Baada ya kisa kama hicho, nani atailaumu bodi inayosisitiza kuiona bahasha iliyotoka chuoni moja kwa moja?

Hivyo basi siungi mkono wanaosema kuwa leseni za majimbo ni ukiritimba mtupu. Mgonjwa hana uwezo wa kumchagua muuguzi wake wala kumhoji. Wapo pia wauguzi wenyewe wanaoupinga mkataba, kwa hoja kwamba jimbo lililojitahidi kuweka viwango vya juu litalazimika kuwapokea waliopimwa kwa viwango vya chini, na kwamba waajiri wataleta wafanyakazi wa nje pindi wenyeji wanapogoma. Hoja hizo zina uzito.

Hata hivyo, kukagua ni jambo moja na kuchelewesha ni jambo jingine. Machi 2020, ugonjwa wa Covid-19 ulipolikumba jiji la New York, gavana wa jimbo hilo aliwaruhusu kwa amri wauguzi wenye leseni za majimbo mengine waje kusaidia. Majimbo mengine yalifanya vivyo hivyo. Mlango ambao siku zote hufunguka kwa miezi ulifunguka kwa siku chache. Januari 2023 ilitiwa saini sheria ya kuwawezesha wake na waume wa wanajeshi wanaohamishwa kutumia leseni zao katika jimbo jipya. Mambo haya mawili yanaonyesha kuwa ucheleweshaji si sheria ya maumbile. Panapokuwa na nia, ukaguzi hufanyika na mtu akaingia kazini. Anayeumia ni yule asiye na janga la kumtetea wala sare ya jeshi nyumbani kwake.

Nilikuwa nimefika hapa katika kuwalaumu Wamarekani, mpwa wangu aliponitobolea siri iliyoniziba mdomo. Bodi ya jimbo jipya ilikuwa imekwisha kupokea kila kitu: alama za vidole, uthibitisho kutoka Texas, ada na fomu. Ilikuwa inangoja kitu kimoja tu, matokeo ya masomo kutoka chuo alichosomea hapa Kenya. "Wameandikiwa mara tatu, Mjomba. Hawajibu."

Nilifunga safari mwenyewe mpaka chuoni, ambacho sitakitaja jina. Karani alinipokea kwa heshima, akanieleza kuwa faili za miaka ile ziko katika stoo iliyo nyuma ya jikoni. Tulizikuta zimepangwa sakafuni, nyingine zimelowa. Faili ya mpwa wangu ilipatikana siku ya pili, nayo ikazua tatizo jipya. Chuoni alijulikana kwa jina la babake. Leseni ya Texas ina jina la mumewe. Na katika cheti cha sekondari jina lake la kwanza limeandikwa kwa herufi moja isiyokuwamo kwenye kitambulisho. Kwa karani wetu hilo halikuwa neno. Kwa bodi iliyowahi kusikia habari za vyeti 7,600 vya bandia, herufi moja ni mtu mwingine. Ilibidi kula kiapo mbele ya wakili kuwa wote hao ni mtu mmoja.

Nyani haoni kundule. Tumezoea kulalamika kuwa wageni hawaviamini vyeti vyetu, ilhali sisi wenyewe tumeviweka nyuma ya jikoni.

Sasa nirudi katika lile nililolisema mwanzoni, kwamba tunayo dhiki yetu inayofanana na hiyo. Kwa upande wa leseni tumewazidi Wamarekani. Baraza la Wauguzi la Kenya, lililoundwa chini ya Sura ya 257 ya Sheria za Kenya, husajili wauguzi wa nchi nzima. Aliyesajiliwa anaweza kufanya kazi Lodwar leo na Lamu kesho. Hakuna bodi ya Turkana wala ya Lamu itakayomtaka afanyiwe uchunguzi upya. Leseni yetu huvuka mpaka wa kila kaunti bila kubisha hodi.

Lakini tazama kazi. Tangu mwaka 2013, huduma za afya zilipogatuliwa kwa mujibu wa Katiba ya 2010, muuguzi wa umma ni mwajiriwa wa mojawapo ya kaunti 47. Mshahara wake, cheo chake na miaka yake ya utumishi vimo katika daftari la kaunti hiyo. Akitaka kuhama, kaunti anayotoka lazima ikubali kumwachilia, na ile anayokwenda lazima ikubali kumpokea, iwe na nafasi na iwe na fedha. Wengi huambiwa watafute mwenzao wa kubadilishana naye, mtu wa kada ile ile anayetaka kuja kule wanakotoka. Wapo waliokata tamaa wakajiuzulu na kuanza upya ngazi ya chini, kana kwamba miaka yao kumi ya wodini ilikuwa ndoto. Marekani muuguzi huhama na kazi humngoja, ila leseni ikachelewa. Hapa leseni huwahi kufika, kazi ikakataa kufuata.

Walimu mnaosoma safu hii mnajua ninachokizungumzia, kwa kuwa wengi wenu mmeoa au kuolewa na wauguzi. Mwalimu huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, chombo kimoja cha taifa kinachotambuliwa na Kifungu cha 237 cha Katiba. Tume ikiamua kumhamisha mwalimu kutoka Kitui hadi Trans Nzoia, barua moja yatosha; mshahara wake haukatiki na cheo chake hakipungui. Huenda asiipende barua hiyo, na sera ya kuwapeleka walimu mbali na kwao, iliyoshika kasi mwaka 2018, iliwaumiza wengi. Lakini kazi yake husafiri naye. Mkewe muuguzi je? Yeye hubaki Kitui akiandika barua kwa kaunti mbili, huku watoto wakimwona baba likizoni. Serikali moja humwamuru mume aende; serikali nyingine humnyima mke ruhusa ya kumfuata. Nani atashangaa mama huyo akianza kuulizia njia ya kwenda Minnesota?

Madhara hayaishii kwa familia. Mwaka 2017 wauguzi wa umma waligoma kwa takribani miezi mitano, na sehemu kubwa ya mgogoro huo ilitokana na swali la nani hasa ni mwajiri wao na nani ana wajibu wa kutekeleza makubaliano. Maadamu kila kaunti ni kisiwa, kaunti iliyo na wauguzi wa kutosha haiwezi kwa urahisi kuiazima ile isiyo nao, na muuguzi aliyechoka hana pa kwenda ila nje ya nchi. Tumejenga ukuta ndani ya nyumba na kuacha wazi mlango wa kutokea uani.

Vyama vya wahudumu wa afya vimekuwa vikidai kwa miaka mingi tume ya kitaifa ya huduma za afya, mfano wa ile ya walimu. Magavana nao hushikilia kuwa kufanya hivyo ni kuurudisha Nairobi ugatuzi ambao wananchi waliupigia kura. Sidhani suala hili litatatuliwa kesho, kwani laweza kuhitaji kuigusa Katiba. Lakini si lazima tungoje mpaka wakubwa hao wapatane. Majimbo ya Marekani hayakuifuta mamlaka yao, yalifanya mkataba. Kaunti zetu 47 nazo zina Baraza la Magavana, ambamo wanaweza kukubaliana kwa maandishi kuhusu mambo matatu. Ombi la uhamisho lijibiwe katika muda wa siku 60, kwa ndiyo au kwa la yenye sababu. Miaka ya utumishi na cheo vitambuliwe na kaunti inayompokea mtu. Na iwepo orodha moja ya nafasi zilizo wazi, inayoweza kusomwa na kila muuguzi, badala ya watu kutafutana kwa uvumi. Katika mkataba wa Wamarekani zile siku 60 ni wajibu wa muuguzi. Katika wetu ningependa ziwe wajibu wa anayekalia barua yake.

Swali hilo hilo latungoja mipakani mwa nchi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na kifungu chake cha 11 kinazitaka nchi wanachama zitambuane katika elimu na taaluma. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi walitia saini mapatano ya kutambuana mapema. Muuguzi wa Kisumu anayetaka kuhudumu Mwanza bado hana budi kubisha hodi kwa baraza la Tanzania na kusajiliwa huko. Sisemi asikaguliwe, nimekwisha kueleza kwa nini ukaguzi ni ngao ya mgonjwa. Nasema mabaraza yetu yaweza kuwa na hifadhi moja ya kuthibitishana majina, ili jibu la swali "je, huyu ni muuguzi halali?" lipatikane siku hiyo hiyo.

Kwa wanafunzi wanaonisoma nina maneno machache. Yule anayetaka kuwa muuguzi na ahakikishe kuanzia leo kuwa jina lake limeandikwa kwa namna moja katika cheti cha kuzaliwa, cha shule na kitambulisho. Kosa la herufi moja hurekebishwa kwa urahisi shuleni, na kwa taabu kubwa ukiwa maili elfu nane kutoka nyumbani. Aweke nakala za kila karatasi, hata ratiba ya wodi alizozipitia. Asidharau lugha. Novemba 2021 waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alieleza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ili wakafanye kazi Uingereza chini ya makubaliano ya Julai mwaka huo, ni 10 tu waliofaulu. Na anayekwenda Marekani aulize, kabla ya kutia saini mkataba wowote wa kazi, kama jimbo analopelekwa limo katika mkataba wa leseni au la.

Kwa walimu wakuu na wakuu wa vyuo, ombi langu ni fupi. Daftari lililo mikononi mwenu si karatasi kuukuu. Ni mtu mzima aliye mahali fulani, mwenye watoto na kodi ya nyumba, anayengoja mlijibu. Mtoe humo stoo mlikomweka.

Mpwa wangu alinipigia tena simu wiki mbili baada ya bahasha kutumwa. Safari hii ilikuwa mchana. Leseni ilikuwa imetoka na angeanza kazi Jumatatu, zamu ya usiku. Nilimpongeza, kisha nikamuuliza kama hafikirii siku moja kurudi kuhudumu huku kwetu. Alinyamaza kidogo. "Nikirudi, Mjomba," akaniuliza, "ni kaunti gani itakayonipokea?"

Sikuwa na jibu. Nimeliandika swali lake hapa ili wenye jibu walione.